Barua kwa Mwanangu: Kiti Gani Ndio Salama

Atieno mwanangu,

Nimeona meseji yako, ati unataka kujua ukate kiti gani kwa basi ya kutoka Kisumu kwenda Mombasa Ijumaa juu rafiki yako amekuambia nyuma ya dereva ndio salama. Nilicheka kidogo. Mimi nimekuwa makanga kwa hii barabara ya Kisumu Nairobi miaka kumi na moja na sijawahi kuona kiti kikiokoa mtu peke yake. Kaa katikati, upande wa kushoto, mbali na magari yanayokuja, funga mkanda, na kama haufungi sema ubadilishiwe kabla gari haijatoka steji. Ya kiti yameisha.

Kile kinaua watu ni usingizi na mteremko. Unajua pale Mau Summit ukishuka Sachangwan kwenda Salgaa, mtu wa trela anaweka gia fri ili aokoe mafuta, mzigo unasukuma, breki zinachemka mpaka zinakataa, na hapo hakuna kiti. Pale Londiani Junction Juni 2023 lori liliingia kwa watu walikuwa steji tu, wengine wanauza vitu, wengine wanangoja gari, zaidi ya 50 wakaenda. Kwa hivyo hata mkisimama ukashuka kununua viazi, usisimame ukingoni mwa lami ukiongea na simu, wewe nakujua. Na ile basi ya Fort Ternan Oktoba 2018 ilikuwa imetoka Nairobi usiku ikienda Kakamega, ikaanguka alfajiri, pia hapo zaidi ya 50.

Ndio maana nasema chukua ya asubuhi mpaka Nairobi, lala kwa shangazi yako Umoja, kesho yake uendelee mchana ama upande treni pale Syokimau. Najua ya usiku inakuokolea siku ya kazi. Lakini ukifika Nairobi saa kumi usiku bado utakaa ofisini kwa basi ungoje kukuche, juu huko nje na begi si pa kutembea, sasa umeokoa nini?

Kama lazima iwe usiku basi angalia kama kuna dereva wa pili. Sheria inasema mtu asiendeshe zaidi ya masaa nane kwa siku lakini wenye magari wengine hesabu yao ni ingine. Kuna usiku tulitoka Nairobi na dere mmoja tu, tajiri alikataa kulipa wa pili, na huyo dere alikuwa ameingia kutoka Kisumu mchana huo huo. Kupita Nakuru nikaona anafungua dirisha na baridi ile ya Molo, anajikuna shingo, kofia inateremka pole pole mpaka kwa macho halafu anairudisha. Nikamuuliza, dere uko sawa? Akaniambia "sijalala, nafikiria tu." Mimi nikanyamaza, nilikuwa kijana na nilitaka kazi, hiyo bado inaniuma. Aliyetuokoa ni mama mmoja kiti cha tatu, alikuwa na kuku kwa kikapu, akapiga kelele "dereva simama, nakojoa kwa gari yako sasa hivi!" Dere akaweka kando. Watu wote wakashuka, yule mama hakwenda hata kichakani, alisimama tu hapo ameshika kuku wake anamwangalia dere akilalia stelingi, na tulikaa hapo karibu saa nzima hakuna mtu aliuliza tunaenda saa ngapi.

Kwa hivyo ukiona gari inagusa gusa kando ya barabara, usianze kubishana na dere ati anasinzia, atakasirika aongeze mwendo. Wewe sema unataka kukojoa. Hakuna dere anakataa hiyo, kiti kinaoshwa na yeye.

Hizo zingine unazijua, nauli lipa kwa ofisi si kwa namba ya mpiga debe, mkisimama chai piga picha ya namba ya gari ili usipande ingine, na biskuti ya jirani usile hata akiwa mzee wa kanisa, watu wanawekewa mchele, ile dawa ya kulevya usingizi, mpaka wanaamka hawana hata viatu.

Mamako anakaanga samaki upelekee shangazi. Usiziweke kwa buti, zikae na wewe, makanga wa siku hizi siwaamini.

Ukifika Naivasha nipigie.

Baba yako