Kishikio cha kuzungusha michoro ya 3D: anza na bodi sahihi

Ndugu, nimekuelewa: unataka kishikio cha mkono wa kushoto cha kusogeza na kuzungusha mchoro huku kipanya kikibaki kulia, ila kompyuta haiitambui Arduino Uno yako (bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu) kama joistiki.

Tatizo ni chipu. ATmega328P ya Uno haina USB ndani yake. Chukua bodi yenye ATmega32U4, kama Leonardo au Pro Micro; hiyo, ukiiandikia programu, huweza kujitambulisha yenyewe kama kipanya, kibodi au joistiki.

Ili upate mijongeo yote sita (mitatu ya kusogeza, mitatu ya kuzungusha), ningefunga joistiki nne ndogo kuzunguka kishikio kimoja. Kila moja hutoa vipimo viwili, jumla vinane, na Pro Micro ina pini tisa za analogi, yaani za kusoma volti inayopanda na kushuka. Lakini anza na joistiki moja tu mpaka ikutii.

Kazi kubwa, na hapa usiwe na haraka, ni kutuliza katikati. Usomaji wa kila pini huenda kutoka 0 hadi 1023, na joistiki iliyotulia ni nadra kukaa 512 kamili, yaani katikati. Programu ipime wastani inapowaka, kisha ipuuze mabadiliko madogo. La sivyo mchoro utateleza wenyewe, nawe utalaumu waya bure.

Chomoa USB kabla ya kulehemu, na uhakikishe kwa multimita (kipima umeme) kwamba 5V na graundi hazijagusana. Lehemu penye hewa. Kama unatengeneza hiki kwa sababu kiganja kinauma au kufa ganzi, muone daktari pia.