Maswali yenu: vijana na dawa za kulevya

Mwalimu wa malezi, Moshi: Tarehe 26 Juni, siku ya kupiga vita dawa za kulevya duniani, tunamleta mraibu aliyeacha aongee na shule nzima, na polisi waje na sampuli za dawa hizo. Tuongeze nini?

Msiongeze, futeni. Viwango vya Umoja wa Mataifa vya kinga, vya 2013 na toleo la 2018, vinataja vitisho, ushuhuda wa walioacha na polisi kufundisha kuwa njia zisizozaa matunda. Mwanafunzi wa kidato cha pili anamwona mgeni kapendeza, anapigiwa makofi, anajisemea: kumbe unatumia, halafu unaacha. Sampuli ndiyo mbaya zaidi, maana mnamfundisha kete ilivyo. Kinachosaidia ni vipindi 10 hadi 15, kimoja kwa wiki, na marudio mwaka unaofuata. Darasani, si paredi. Wakae wawili wawili: mmoja ashawishi "vuta pafu moja tu", mwenzake akatae bila ugomvi, kisha wabadilishane. Ila hilo halina fulana wala maturubai, ndiyo maana halipati bajeti.

Mama, Sakina: Mwanangu ana miaka 16, anavuta bangi. Nimpeleke akanywe methadoni?

Hapana, mama. Methadoni ni dawa ya kutibu waraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Anza na ofisi ya ustawi wa jamii. Na usimtupe kwenye soba hausi, nyumba ya waraibu wanaoacha, ya watu wazima akakutane na unga huko.

Baba, Ngarenaro: Iceland walifaulu kwa kuzuia watoto kutoka usiku. Sungusungu wetu wafanye hivyo?

Hicho kilikuwa kipande tu. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa pombe mwezi uliotangulia. 2016 ilikuwa 5. Waliowahi kuvuta bangi walishuka kutoka 17 hadi 7. Walidodosa wanafunzi mara kwa mara, kila eneo likapewa takwimu zake, na familia zikachangiwa ada za michezo na muziki. Kwetu kengele ya mwisho ikilia, uwanja unafungwa kufuli na mzazi yuko kazini mpaka usiku. Sungusungu wa saa nne anakuta bangi imeshavutwa tangu saa kumi na moja.

Msomaji, Moshi: Ureno wamehalalisha dawa za kulevya, sisi je?

Hili tena! Ureno haijahalalisha. Tangu 2001, anayekutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10 hupelekwa mbele ya tume badala ya mahakama. Muuzaji bado anafungwa.

Kijana, Holili: Mirungi Kenya ni halali, mbona huku tunakamatwa?

Kwa sababu huku ni Tanzania, na sheria ya 2015 inaikataza. Nanyi mnaowatuma watoto wa shule kuvusha mzigo kwa bodaboda, umri wa mtoto hautawaokoa ninyi.