Graniti, mionzi na matundu ya hewa

SWALI: Mhariri, salamu. Tunamalizia nyumba hapa Tororo. Mama watoto amechagua graniti ya kaunta ya jikoni na vigae vyake vya sebuleni. Jirani anatuonya kwamba mawe hayo yana mionzi ya kuleta saratani, afadhali saruji tupu. Kuna kijana naye anataka tumlipe atupimie nyumba kwa kifaa kinacholia. Tufanyeje? – Mwenye nyumba, Tororo

JIBU: Jirani hakukosea, graniti ina mionzi. Ila saruji nayo inayo, mchanga unayo, matofali yanayo, na hata wewe: potasiamu iliyo katika mwili wa mtu wa kilo 70 hutoa bekereli zipatazo 4,000 (bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kila sekunde). La kuuliza ni kiasi, na jiwe litakaa wapi.

Hesabu inayotumika Ulaya ni hii. Chukua bekereli za kila kilo ya jiwe kwa elementi tatu zenye mionzi: za radiamu gawa kwa 300, za thoriamu kwa 200, za potasiamu kwa 3,000, kisha jumlisha. Ikifika 1 au chini, jenga nalo hata kuta zote. Mionzi ya gama, ile inayopenya hadi mwilini, utakayoongezewa haitazidi milisiverti 1 (kipimo cha mionzi inayomfikia mtu) kwa mwaka. Tuseme graniti ina radiamu 100, thoriamu 120 na potasiamu 1,200. Unapata 0.33 + 0.6 + 0.4, yaani 1.33. Kwa kuta za chumba cha kulala tungeikataa. Kwa vigae vyembamba vya kumalizia, ambavyo ukomo wake ni 6, haina neno. Mama watoto aweke kaunta yake.

Tunachowaombeni mkiogope ni radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Huzaliwa na radiamu, nyingi ikitoka ardhini chini ya nyumba, hupenya nyufa za sakafu na kujikusanya katika vyumba vilivyofungwa. Ukiivuta, chembe zinazotokana nayo hunasa mapafuni. Ni ya pili baada ya sigara kwa kuleta saratani ya mapafu, na mvuta sigara huumia zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isipite bekereli 100 kwa mita moja ya ujazo ya hewa, na ikishindikana kabisa, isizidi 300.

Kwa hiyo, kabla ya vigae, kagueni sakafu. Zege likikauka husinyaa na kuacha ufa mwembamba pale linapokutana na ukuta, na kuzunguka mabomba ya choo. Panueni ufa kwa patasi hadi milimita 6, ondoeni vumbi lote, jazeni silikoni. Mafundi wengi hupaka saruji tu. Nayo husinyaa vilevile, na ufa unarudi.

Halafu matundu ya hewa juu ya madirisha. Tafadhali msiyazibe kwa plasta kwa sababu ya mbu! Wekeni wavu. Na kama bado mnajazia uani au barazani, msitumie kifusi cha machimbo ya fosfeti ya Sukulu, maana fosfeti huja na urani, mzazi wa radiamu, na thoriamu.

Kijana msimlipe. Kifaa chake hupima gama; radoni hakiioni. Radoni hupimwa kwa kidude kidogo cha plastiki kinachoning'inizwa chumbani miezi 3, mita 1 hadi 2 kutoka sakafuni, mbali na dirisha, kisha husomwa maabara. Gesi hii hupanda usiku nyumba ikifungwa na kushuka mchana, hivyo kipimo cha dakika kumi hakikuambii kitu. Msimamizi wa mambo ya mionzi nchini Uganda ni Baraza la Nishati ya Atomiki, lililoundwa kwa sheria ya 2008, anzieni huko.

SWALI: Je, moto wa tanuru huondoa mionzi kwenye matofali? – Msomaji, Mbale

JIBU: Hauondoi. Hakuna moto wa tanuru unaoua radiamu. Ila tofali likiiva vizuri chembe za udongo huyeyuka kidogo na kushikana, hivyo radoni inayozaliwa ndani hutoka kwa shida. Lile lililoiva nusunusu, linalomeguka kwa kidole, halina faida hiyo, na hata ukuta wake hautadumu.