Achari ya embe inaota ukungu? Angalia maji kwanza

Dada, umeuliza mbona achari ya mama mkwe wako inakaa mpaka embe za mwaka mwingine, yako inaota ukungu kabla mwezi haujaisha, na kama uongeze mafuta. Usiongeze. Mafuta yanaziba hewa tu, kazi ya kuhifadhi ni ya chumvi na uchachu wa embe yenyewe. Embe ikiingia chupani na maji yake, hata uimwagie mafuta ya simsim (ufuta) ya shamba zima itaharibika.

Sisi tuko upande wa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, shamba la familia, na embe zetu ni hizi za kienyeji zenye nyuzi. Zikiiva zote kwa pamoja hata sokoni hazina mtu. Kwa hiyo nyingi tunazichuma mbichi, kabla kokwa haijakomaa: kisu kipite katikati bila kulazimisha. Ukikuta ndani pameanza manjano, hiyo waachie watoto, sukari imeshaingia na itakuchachia ndani ya chupa. Zioshe nzima, zifute, ziache zikauke kabisa, ndipo ukate. Ukiosha vipande umerudisha maji unayoyakimbia.

Sasa chumvi, maana nadhani hapa ndipo unapotofautiana na mama mkwe. Yeye anapima kwa kiganja, lakini kiganja chake kina miaka mingi ya mazoezi. Wewe tumia mizani. Kilo moja ya vipande, weka gramu 120 hadi 150 za chumvi, na kijiko cha bizari ya manjano. Najua inatisha. Ila achari ni ya kuweka kidogo pembeni ya posho (ugali) na maharage, haiwi mboga. Wanaopunguza chumvi "kwa ajili ya presha" halafu wanaweka chupa kabatini miezi sita wananishangaza. Ukitaka chumvi kidogo, tengeneza kidogo na uile haraka.

Changanya kwenye ndoo ya plastiki ya chakula, ile iliyowahi kubeba rangi ya kupaka, hata ukiiosha mara kumi achana nayo. Sufuria ya aluminiamu pia hapana, asidi ya embe inaila. Weka sahani juu na kitu kizito, funika kwa kitambaa. Kesho yake utakuta vipande vinaogelea, maji yote hayo yametoka ndani ya embe. Geuza asubuhi na jioni. Siku ya tatu chuja, tandaza kwenye ungo, anika. Hapa kwetu jua la Januari na Februari linatosha siku mbili. Mvua zikishaanza ni kazi ya kuingiza na kutoa, na mbuzi wa jirani anajua ratiba yako kuliko wewe. Kipande kiko tayari kingo zikijikunja na ukikikunja katikati kinapinda kama ngozi ya kiatu, hakivunjiki wala hakitoi tone. Ukikibana kidole kikalowa, rudisha juani.

Wengine wamekushauri utumie chumvi ya Katwe, ile ya ziwani magharibi mwa Uganda, kwa sababu ni ya asili. Naipenda, na kuna vyakula vya huko magharibi visivyopendeza bila chumvi ya mawe, lakini kwa achari naikataa. Maji ya ziwa Katwe yana magadi pamoja na chumvi, na magadi yanaua uchachu. Unaongeza gramu zile zile kumbe chumvi halisi ni pungufu na asidi ya embe imepunguzwa nguvu. Chumvi ya kawaida ya dukani inafaa, hata yenye madini joto.

Chupa za jemu ni nzuri zikiwa na vifuniko visivyo na kutu. Watu huandika chemsha dakika 10. Arua iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo mimi nafika dakika 15. Zitoe, zisimamishe kichwa chini juu ya kitambaa safi, zikauke zenyewe bila kufutwa. Mafuta ya alizeti au simsim yapashe moto mpaka yaanze kutoa moshi, yaache yapoe kabisa, kisha changanya na haradali, uwatu na pilipili kavu vilivyokaangwa bila mafuta na kutwangwa. Shindilia vipande, mwaga mafuta mpaka yavifunike. Kijiko kiwe kikavu. Nyumba nyingi achari inaharibiwa na kijiko kilichotoka kwenye mchuzi.

Ulitaja pia kuweka vitunguu saumu kwenye mafuta. Hapo nasema hapana kwa sauti. Embe mbichi na ndimu zina asidi yake, kitunguu saumu hakina. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria wa botulizimu wanapenda hivyo hivyo. Wanatoa sumu isiyo na harufu wala ladha, na inaua. Vitunguu saumu, karoti, kabichi, bamia, viende kwenye siki. Soma lebo, iwe na asidi asilimia 5, na usizidishe maji nusu kwa nusu. Bamia ukinisikiliza kausha tu: kata vipande vyembamba, anika, twanga, weka kwenye kopo. Mchuzi wa unga wa bamia kavu ukiupata na samaki wa moshi utasahau habari ya siki.

Kuhusu ile chupa uliyopiga picha: utando mweupe bapa juu ya maji ya chumvi ungekuwa hamira tu, unaenguliwa na maisha yanaendelea. Hiyo yako ina manyoya ya kijani, na iko kwenye mafuta. Usiengue, mizizi imeshashuka. Tupa yote, na kuku usiwape. Chupa ikivimba kifuniko au ikifoka ukiifungua, nayo usiionje hata kwa ncha ya ulimi.