Umeniuliza habari ya baraza

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, ingawa mamako bado ana kinyongo hukupiga simu Ijumaa. Umeuliza kama ukija Idi unaweza kuvuta hiyo vepu yako, hiyo sigara ya umeme, barazani naye akiwa ndani, kwa kuwa "ni mvuke tu, baba."

Si mvuke wa birika. Binamu yako muuguzi alinieleza: yale maji ya ladha ni kemikali, glisirini na propilini glaikoli, na mara nyingi mna nikotini, na yakichemka hutoa chembe ndogo ajabu zinazoshuka hadi ndani ya mapafu. Lami ya sigara hamna, hapo nakupa haki yako, na anayekaa kando hupata kidogo kuliko kwa sigara. Lakini kifua kizima na kifua cha mamako si kimoja. Miaka thelathini ya kukaanga mahamri kwa kuni imemwacha na njia za hewa nyembamba. Pilipili ikianguka motoni tu, anashika ukuta. Kule Florida, Marekani, wanafunzi wenye pumu waliokaa karibu na wavutaji wa vepu walielekea zaidi kusema pumu imewashika mwaka huo. Nimekwambia tangu mdogo: kifua ni cha mtu, hewa ni ya wote.

Na mimi ni nani wa kusema? Ile nyumba ya Kuze, una miaka minne, nikivuta sigara huku mkono nimeutoa dirishani, najiona muungwana. Usiku wa manane kifua chako kikalia kama mlango uliokosa mafuta, mbavu zikibonyea kila ukivuta pumzi. Tukakukimbiza kwa gari la jirani. Daktari wa zamu akakuvika barakoa ya dawa (mvuke pia, najua utanirudishia), kisha akainama kunisemesha, akanusa shati langu, akanyamaza. Akamwambia nesi afungue dirisha. Basi. Angenitukana ningelala. Wadhani niliacha siku ile? Niliacha baada ya miaka miwili.

Utasema, na udi wa mama je? Ni kweli, moshi ni moshi. Nilipomgusia, mamako alinuna siku mbili. Sasa anafukizia nguo uani, pua ameiziba kwa ncha ya leso, na hataki kusikia zaidi. Kwa hiyo siwezi kukupigia kelele wewe nikamwacha yeye. Au naweza: udi ni wake na kifua ni chake. Vepu ni yako, kifua ni chake.

Na baraza ni nje, sikatai. Ila dirisha lake linatazama hapo hapo, na upepo wa jioni unaujua: ukitoka kwenye ule msikiti wa nyuma hauzunguki, unaingia moja kwa moja. Kifua ni cha mtu, hewa ni ya wote, lakini hilo nilishalisema.

Sikukatazi. U mtu mzima, una nyumba yako na mkeo. Ulimi unaniwasha, nimeuuma. Amua mwenyewe.

Ukija, mletee mamako pampu mbili za bluu, zile za kuvuta dawa ya kifua. Duka la dawa la hapa mtaani lilibakiwa na moja, na ameshaimaliza nusu.

Babako