Kabla hujaizima seva, soma logi ya kanzidata

Mkuu, umesema mfumo wenu wa mauzo unaganda kila jioni, mnazima seva na kuiwasha, unapona, kesho yake yale yale. Yalinikuta hayo kwenye duka la dawa za jumla nililokuwa nahudumia, nasi tulitumia kanzidata (hifadhi ya data ya mfumo) ya PostgreSQL kama nyinyi. Nakusihi, leo usizime kabla hujasoma logi, yaani kumbukumbu ya matukio ambayo kanzidata hujiandikia. Ukizima, pg_stat_activity, orodha ya waliounganishwa na wanachofanya sasa, inaanza upya na mkosaji anapotea.

Kwenye Ubuntu logi zimo /var/log/postgresql. Nilipofungua nikakuta mistari chungu nzima ya "sorry, too many clients already", yaani waliounganishwa wamejaa. Nikapandisha max_connections, kikomo cha miunganisho, kutoka 100 hadi 300. Mfumo ukaganda vilevile, umechelewa dakika chache tu. Miunganisho ile iliyojaa ilikuwa foleni tu ya wanaosubiri. Aliyeziba mlango nilikuwa sijamtafuta.

Kilichonisaidia ni log_lock_waits, mpangilio unaoandika kwenye logi anayesubiri kufuli (data iliyoshikwa na mwingine) muda mrefu, ambao ulikuwa umezimwa. Nikauwasha, na log_min_duration_statement nikaiweka 2000 (milisekunde), ili kila amri inayozidi sekunde 2 iandikwe. Zote mbili zinaanza kufanya kazi kwa amri ya SELECT pg_reload_conf(), inayosoma upya mipangilio, bila kuzima chochote. Jioni ile ile logi ikaandika "still waiting for ShareLock", na chini yake namba ya prosesi iliyoshika kufuli. Kuitafuta kwenye pg_stat_activity: "idle in transaction", yaani imefungua muamala (kundi la mabadiliko yanayokamilishwa pamoja) ikakaa bure, dakika 40! Skrini ya kufunga hesabu ilikuwa inafungua muamala, inapunguza stoku, halafu inamsubiri keshia abonyeze Sawa. Keshia yuko nyuma anahesabu fedha. Kila aliyetaka kuuza dawa zile zile amekwama.

Nikaikata prosesi ile kwa amri ya pg_terminate_backend, mauzo yakaendelea pale pale. Dawa yenyewe ilikuwa kwenye programu: muamala ufungwe kabla ya kumuuliza mtu chochote. Kama kinga nikaweka idle_in_transaction_session_timeout ya dakika moja, ili muunganisho ukikaa bure na muamala wazi kupita hapo ukatwe. Ipo tangu toleo la 9.6 la PostgreSQL.

Angalia na saa. Logi yangu iliandika kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, hivyo saa kumi na moja jioni yetu humo ni 14:00, na siku kadhaa nilisoma sehemu isiyohusika. Weka log_timezone iwe Africa/Dar_es_Salaam.

Ukiupata mstari wa "Process holding the lock", ubandike hapa na ile inayoufuata tuusome pamoja. Futa kwanza majina na namba za simu za wateja, maana amri zinaandikwa humo nzima nzima.