Wino wa kadi kutoka na madoa
Dada, umeuliza kwa nini wino uliopaka kwa sponji kuchanganya rangi za mandhari kwenye kadi yako ya Idi umetoka na madoa. Yanatokana na kuanza na sponji juu ya kadi yenyewe. Weka kadi juu ya karatasi chakavu, anzia sponji nje ya kadi, kwenye hiyo chakavu, kisha ingia kwenye kadi taratibu ukizungusha, mkono mwepesi kabisa. Tangulia na njano, ifuate waridi, zambarau mwisho. Njano na zambarau zikigusana utapata rangi ya tope! Manila nyembamba itachubuka tu. Tafuta karatasi nene yenye uso laini, ya gramu 250 hivi kwa mita ya mraba. Mwezi wa kwenye kadi ukiutaka mweupe, kata umbo lake kwenye karatasi ya kunata, ulibandike mahali pake kabla ya kupaka. Muhuri wa maandishi gonga rangi ikishakauka, na usiutikise unapougonga. Mimi niliharibu kadi nne hivyo.